Sanaa Inayotumika Ikaisha: Itikadi za Jadi na Taswira Zake, Kutoka Juba

Mwingereza Samuel Baker, aliyefika Gondokoro mwezi wa Februari 1863 akitafuta chanzo cha Mto Nile, na aliyekaa katika nchi za juu za mto huo muda wa kutosha kujua bei ya pembe za ndovu na tabia za machifu mmoja mmoja, aliporudi kwao aliwaambia wanazuoni wa London kwamba watu wa pande zile hawana dini ya namna yoyote, Mungu hawamjui, ibada hawana, wala hata sanamu za kuabudu hawanazo. Haikupita miaka mingi E. B. Tylor, katika kitabu chake cha mwaka 1871, akamrudi kwa hoja kwamba wasafiri wengine waliopita njia hiyo hiyo walikwisha kuandika majina ya Mungu na habari za kafara za watu wale wale ambao Baker amewatia gizani. Kwa upande wa imani, basi, shauri lile lilikatwa zamani. Kwa upande wa sanaa bado halijakatwa; maana hata leo mwenye kufungua kitabu kikubwa cha sanaa za Afrika aghalabu atakuta Kongo na Nigeria zimepewa kurasa kwa makumi, na akifika Sudan Kusini ataonyeshwa nguzo mbili tatu za makaburini, kisha atavushwa upesi kwenda Uhabeshi, kana kwamba watu wa Nile walimjua Mungu kwa midomo na masikio tu, na macho yao wakayaacha nje ya ibada.

Rai ya makala haya ni kinyume cha hayo. Macho ya watu hawa yamo ndani ya dini yao kuliko macho ya mataifa mengi yenye masanamu. Ila wao hawakukifanya kitu kitakatifu kiwe cha kutazamwa na kuwekwa. Walikifanya kiwe cha kushikwa, kupakwa mafuta, kuinuliwa, kuchinjwa, kunywewa au kuachwa kioze mahali pake, na uzuri wake ukafungamana na kutumika kwake hata kikaisha. Mwenye kuitafuta sanaa hiyo kwa desturi ya majumba ya makumbusho, ambamo kitu cha thamani ni kile kilichosalimika, hatakosa kurudi mikono mitupu, kwa kuwa sehemu iliyo bora ilikwisha tumiwa na wenyewe.

Juba ni mahali pazuri pa kulichungua jambo hili, si kwa sababu mji wenyewe una mambo ya kale, maana ni mji wa karne ya ishirini, bali kwa sababu vita vya miaka mingi na uhuru wa tarehe 9 Julai 2011 vimewakusanya humo Wabari wenye nchi yao, pamoja na Wadinka, Wanuer, Washilluk, Wazande, Wamoru na Walotuko, na wengi waliorudi kutoka Kakuma, Arua na Khartoum, wakiuziana na kununuliana katika soko la Konyo Konyo kwa Kiarabu cha Juba kilichochanganyika na Kiswahili cha Kampala na cha Nairobi. Magharibi ya mji unasimama mlima wa mawe uitwao Jebel Kujur, yaani mlima wa mganga. Na mlima huo, ambao jina lake latosha kuonyesha hadhi uliyokuwa nayo, siku hizi hupasuliwa kwa nyundo, akina mama wakaketi juani kuponda kokoto na kuzipanga mafungu kando ya njia kuwangoja wajenzi, hata ikawa sehemu ya Juba mpya imejengwa kwa mawe ya Kujur. Sisemi hili kwa kulaumu, kwani mwenye watoto hana budi kutafuta. Nalitaja kwa sababu mahali pa ibada katika nchi hii aghalabu hapana alama ya kumzuia mpasuaji: hapana hekalu, hapana ukuta, hapana sanamu mlangoni ya kumtazama mtu na kumtia haya.

Wabari humwita Mungu Ngun, nao humtaja yule wa juu, mwenye mbingu na mvua, na yule wa chini, mwenye ardhi na mazao. Kati ya Ngun wa juu na watu alisimama mwenye mvua, mtu wa ukoo maalumu, ambaye amana yake kuu ilikuwa mawe: mawe madogo, mengine meupe yenye kung'aa na mengine ya rangi ya majani, yakihesabiwa kuwa ya kiume na ya kike, na kurithiwa kwa mtoto kutoka kwa baba. Seligman na mkewe Brenda, waliokusanya habari hizi katika kitabu chao cha mwaka 1932, wanaeleza jinsi mawe hayo yalivyooshwa kwa maji, yakapakwa mafuta ya ufuta na kuombewa, mnyama akachinjwa, kisha watu wakaingoja mvua. Mtu asiyeijua habari hiyo, akipewa jiwe lile mkononi, ataona jiwe tu, na pengine ataliona zuri kidogo kwa ulaini wake. Lakini ulaini huo wenyewe ndio kazi ya sanaa, kwa kuwa haukutokana na patasi ya siku moja bali na viganja vya wazee vizazi kwa vizazi, vikiliosha na kulipaka. Na jambo lile halikuwa la mchezo. Mvua ikikawia kupita kiasi, mwenye mvua aliweza kuuawa na watu wake mwenyewe, na Simon Simonse, katika kitabu alichokitoa mwaka 1992 juu ya wafalme wa mvua wa mashariki ya Nile, ameonyesha kwamba mauaji hayo hayakuwa ghasia tupu bali yalikuwa na utaratibu, hoja na mashahidi. Jiwe lililopakwa mafuta lilikuwa na uhai wa mtu nyuma yake.

Ajabu ni kwamba Wabari hawa hawa walichonga pia vijisanamu vya mti, virefu kiasi cha dhiraa moja au pungufu, mwili umenyooka kama mti uliotoka humo, mikono imening'inia ubavuni bila kushika kitu, uso wenye alama chache, pasipo tabasamu wala hasira. Wafanya biashara na wamisionari wa karne ya kumi na tisa, wakati wa misheni ya Gondokoro iliyoanzishwa mwaka 1853 na padri Ignacij Knoblehar, Mslovenia, walivichukua baadhi hata vikafika katika makumbusho ya Ulaya, Vienna ikiwa mojawapo, vikaandikwa kuwa ni sura za wazee waliokufa. Baker, basi, aliposema kwamba sanamu hazipo, zilikuwapo umbali wa mwendo mfupi kutoka hema lake. Hata hivyo nisingependa kumshinda kwa ushahidi huo, ingawa ni rahisi, kwa sababu vijisanamu vile ni vichache na vinatoka katika pembe moja ya maisha ya Wabari, na mwenye kuvishangilia sana amekwisha kukubali kanuni ya Baker kwamba pasipo sanamu hapana dini.

Twende penye utajiri zaidi, kwa wafugaji. Godfrey Lienhardt, aliyeandika juu ya dini ya Wadinka kitabu kilichotoka mwaka 1961, alieleza kwamba Nhialic, Mungu aliye juu, huwafikia watu kwa nguvu mbalimbali, kama Deng mwenye mvua na radi, Garang, Abuk mwanamke wa kwanza, na Macardit, mweusi mwenye kuleta mikosi. Na kila nguvu ina rangi zake, si rangi za kopo la dukani bali rangi za ng'ombe. Mdinka ana majina ya mabaka ya ng'ombe kuliko sisi wa pwani tulivyo na majina ya hali za bahari. Maksai aitwaye makuac ana madoa ya chui, manyang ana michirizi ya mamba, makuei ana kichwa cheupe juu ya mwili mweusi, mfano wa furukombe, yule ndege mla samaki ambaye mwaka 2011 alitiwa katika nembo ya dola, mkuki na ngao vikiwa kifuani pake. Mtoto wa Kidinka hujifunza rangi kwa ng'ombe kabla hajazijua kwingine, na kwa hiyo atazamapo wingu jeusi lililopasuliwa na weupe wa radi huona ndani yake ng'ombe wa Deng, na amwonapo ng'ombe mwenye weusi na weupe huikumbuka mvua. Hapo taswira haikuchorwa na mtu. Imetolewa na Muumba juu ya ngozi ya mnyama, na kazi ya binadamu ni kuitambua, kuichagua na kuitoa mahali pake.

Jeremy Coote wa makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford, aliandika mwaka 1992 makala ya maana sana juu ya jambo hili, akidai kwamba wafugaji wa Nile, ambao wataalamu wa sanaa waliwapita kwa kuwa hawana vinyago, wana jicho la uzuri lililofunzwa kuliko la watu wengi, nalo limefunzwa zizini. Kijana hupewa maksai wake, akamkata pembe kwa namna ya kuifanya iote imepinda, akamfungia vishada penye ncha za pembe, akamtungia nyimbo, na kwenye ngoma akainua mikono juu ya kichwa kuifuata pembe ile moja iliyopinda. Coote aliishia katika uzuri, nami nathubutu kuendelea hatua moja mbele yake, maana maksai huyo huyo, au mwenziwe wa rangi ipasayo, siku ya ugonjwa au ya ukame hufungwa kwenye kigingi, na beny bith, yaani mwenye mkuki, mrithi wa mamlaka ya Aiwel Longar wa hadithi za kale, husimama na mkuki wa kuvulia samaki mkononi, akatamka maneno na watu wakayaitikia neno kwa neno, na kila tamko akiutikisa mkuki kumwelekea mnyama, hata anapoangushwa huwa amekwisha kudhoofishwa na maneno. Kisha nyama hugawanywa kwa kiungo na ukoo: paja la watu hawa, mbavu za wale, shingo ya wengine, hata Lienhardt akaweza kuuchora ukoo mzima juu ya mchoro wa ng'ombe. Ni kazi ipi ya sanaa nyingine duniani iliyotazamwa kwa mapenzi miaka mingi, ikaimbwa, ikapambwa, ikatolewa kwa Mungu, ikawa ramani ya jamaa, kisha ikaliwa jioni ile ile?

Nguzo za Wabongo, ambazo ndizo zilizowapa watu wa Sudan Kusini kile kipande chao kidogo katika vitabu vya sanaa, zinaingia katika kanuni hii hii ijapokuwa kwa umbo zinaonekana kuihalifu. Wabongo hawa, msomaji wa Dar es Salaam asidhani anatajwa yeye, ni watu wa pande za Tonj katika Bahr el-Ghazal, wakulima na wawindaji ambao idadi yao ilipunguzwa mno na biashara ya watumwa ya karne ya kumi na tisa. Mjerumani Georg Schweinfurth aliwatembelea kati ya 1868 na 1871, akastaajabia makaburi yao: rundo la mawe lililopangwa vizuri, na juu yake au kandoni nguzo za mti mgumu, nyingine zimekatwa pete pete kuonyesha wanyama wakubwa aliowaua marehemu, nyingine zimechongwa kichwa na mabega ya mtu. Mengi ya yale aliyoyakusanya yaliungua motoni mwezi wa Desemba 1870, na picha alizozichapisha baadaye ni sehemu tu ya alichokiona.

Nguzo hiyo ilisimamishwa kwa karamu, kwa gharama ya aila, ili marehemu aliye hodari apate cheo chake mbele ya Loma, Mungu wao, na mbele ya waliotangulia. Baada ya hapo iliachwa. Mvua iliipiga, mchwa akaingia kwa chini, pua ikalika, mabega yakachanika kwa jua, na kadiri nguzo ilivyoisha ndivyo mtu yule alivyotoka katika jamii ya waliokufa juzi na kuingia katika jamii ya wazee wasiotajwa jina. Mfanya biashara wa sanaa, aliyezijia nguzo hizi hasa baada ya amani ya Addis Ababa ya mwaka 1972, alipenda ule ukale wake, ule uso uliolika hata ukabaki kivuli cha uso, akazing'oa katika hali ya kuisha na kuzisimamisha katika kumbi za New York na Paris ambako haziwezi kuisha tena. Nami nakiri kwamba hapo ndipo ninapoona uzuri wake kwa urahisi, kwa kuwa ndipo ninapoweza kuzitazama bila kumjua marehemu.

Msomaji wa pwani haihitaji safari ya Tonj ili alifahamu jambo hili, kwani vigango vya Wagiriama nyuma ya Malindi ni ndugu wa nguzo hizo kwa maana, ingawa si kwa asili. Kigango husimamishwa kwa ajili ya koma wa mzee wa chama cha Gohu, na kijiji kikihama huachwa pale pale kiishe. Mwaka 1985 vigango viwili vya familia moja viliibwa, navyo vikaja kugunduliwa na wataalamu huko Marekani, kimoja katika makumbusho ya jimbo la Illinois na kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton. Virudishwe visirudishwe, mjadala ukachukua miaka, na mwaka 2007 vikakabidhiwa wenyewe. Kwa hofu ya wezi kigango kikazungushiwa vyuma. Mzee aliyesimamishwa ili aishe polepole akiwaangalia wajukuu sasa yumo kifungoni kwa usalama wake, na sijui kama kuna aliyekosea katika hilo isipokuwa mwizi.

Kwa Washilluk, walioko kaskazini ya Juba kwenye kingo za Nile Nyeupe, jambo hili limeingia katika ufalme wenyewe. Nyikang, mwanzilishi wa taifa, ana sanamu yake ya mti mwepesi wa kinamasi, yenye manyoya ya mbuni, ihifadhiwayo Akurwa pamoja na ya mwanawe Dak. Na reth, yaani mfalme, akifa, sanamu hizo huchukuliwa kwa msafara mrefu hata Fashoda, zikapigana vita vya kuigiza na majeshi ya mteule, zikamshinda, kisha Nyikang akakalishwa katika kiti, akaondolewa, na mteule akakalishwa mahali pale pale, akaanza kutetemeka. Evans-Pritchard aliitolea hotuba mashuhuri mwaka 1948 akieleza siasa yake. Ninaloliona mimi ni dogo zaidi: hii ni sanamu, nayo ni sanamu ya kweli, lakini haikai ikatazamwa; hutembea, hupigana, na kazi yake ikitimia nguvu imekwisha kuhama kutoka katika mti kuingia katika mtu.

Wazande wa Yambio nao, waliomshughulisha mwanachuoni huyo huyo katika kitabu cha mwaka 1937, huchonga iwa, kigoda kidogo chenye mkia na kifuniko, nacho ni kizuri kwa umbo, lakini thamani yake ni katika kunata au kuteleza kwa kile kifuniko mganga akisuguapo na kuuliza. Iwa iliyokauka ni ubao.

Itadhaniwa kwamba dini za Kitabu zilipoingia zilileta mambo mengine kabisa. Katika Malakia, mtaa wa zamani wa Waislamu wa Juba, kama kotekote Sudan, faki huandika aya juu ya lohi ya mti kwa wino wa masizi na gundi ya mgunga, akaziosha kwa maji, na mgonjwa akayanywa. Na nyingine huandika kwenye karatasi ikakunjwa na kushonewa ndani ya ngozi, ikavaliwa mkononi au shingoni. Hakuna aliyezaliwa Lamu au Unguja atakayeshangaa, maana ndilo kombe letu, liandikwalo kwa zafarani juu ya sahani nyeupe na kuoshwa kwa maji ya mawaridi, na ndiyo hirizi yetu. Mwenye kuiona sahani ya kombe kabla haijaoshwa, ile mistari ya rangi ya manjano iliyoiva ikiuzunguka ukingo na kuingia katikati kwa duara zinazopungua, ameona khati iliyo nzuri kuliko nyingi zilizotundikwa ukutani, nayo itaishi dakika chache. Wanavyuoni wamebishana kuhusu uhalali wake, na ugomvi huo siuingilii. Nasema tu kwamba Mwislamu wa Malakia anywaye aya na Mdinka alaye ng'ombe wa Deng wangeelewana upesi kuhusu kile ambacho kitu kizuri kinakusudiwa kufanya.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote wa sanaa ya dini katika nchi hii ni kilima cha Ngundeng Bong, nabii wa Wanuer wa Lou, aliyekufa mwaka 1906. Katika miaka ya 1890, baada ya sotoka kuwamaliza ng'ombe na ndui kuwamaliza watu, Ngundeng aliwaita watu mahali palipoitwa Wec Deang, wakaja na udongo na majivu, wakajenga kilima cha umbo la piramidi chenye urefu wa futi 50 au 60, katika nchi tambarare ambayo mtu hutembea siku nyingi bila kuona kitu kilichomzidi kimo, na wakakizungushia pembe za ndovu. Kusudi lake halikuwa kumtukuza mtu. Lilikuwa ni kuzika maradhi yale, kuyafukia chini ya mzigo asioweza yeyote kuufukua. Serikali ya kikoloni, ambayo haikuamini maneno ya nabii lakini iliyaogopa, ilikitupia kilima mabomu ya ndege na mwaka 1928 wahandisi wakakitega baruti, wala hakikwisha. Na mwaka uliofuata Guek, mwana wa Ngundeng, akauawa hapo hapo.

Fimbo ya nabii, iitwayo dang, ilichukuliwa katika mambo hayo na kuishia Uingereza kwa jamaa ya Percy Coriat, aliyekuwa mtawala wa wilaya. Ni mzizi wa mkwaju uliozungushiwa waya wa shaba, kitu ambacho mnada wa mambo ya kale ungekipitisha bila kelele. Mwanahistoria Douglas Johnson, aliyeiandika historia ya manabii wa Wanuer katika kitabu cha mwaka 1994, akaitambua na kuinunua, na mwezi wa Mei 2009 akaileta Juba, ikapokewa na Riek Machar, makamu wa rais wa serikali ya kusini wakati huo, kwa umati na shangwe. Watu walizikumbuka nyimbo za utabiri, na kila mwenye jambo lake akalisikia ndani ya nyimbo hizo. Wakanong'onezana kwamba Ngundeng alimtaja kiongozi mwenye mkono wa kushoto na mwanya wa meno. Mwanasiasa hakupata kuchorewa picha iliyo bora kuliko ile. Fimbo hiyo haikuwa imewekwa miaka themanini, kama wasemavyo wenye makumbusho. Kwa waumini ilikuwa imezuiliwa, na siku iliposhuka uwanja wa ndege wa Juba ilianza kazi tena siku ile ile, kwa heri au kwa shari.

Nafika sasa kwa kile ninachokihesabu kuwa kazi kuu ya sanaa ya Sudan Kusini katika karne ya ishirini, nacho ni msalaba wa mkononi wa Wadinka wa Bor. Vita vilivyoanza Bor mwezi wa Mei 1983 viliwaondoa watu hao makwao, vikawapeleka vijana Uhabeshi na hatimaye Kakuma, na mwaka 1991 mauaji ya Bor yakayapokonya mazizi yaliyobaki. Wakati wa shida hiyo watu walibatizwa kwa maelfu, kwa kazi ya askofu Nathaniel Garang na ya wahubiri wasio na elimu ya chuo, wengi wao wakiwa wanawake na vijana, kuliko kwa kazi ya mzungu yeyote, na nyimbo zikatungwa ambazo kina mama wa Juba wanaziimba hata leo. Katika siku hizo ilienea desturi ya kila mtu kuwa na msalaba wake, mrefu kama mkono au kama fimbo ya kutembelea, wa mbao ngumu, umechongwa na mwenyewe au na jirani. Mingine ilitiwa shaba ya maganda ya risasi, kwa kuwa shaba hiyo ndiyo iliyojaa ardhini. Padri Mmarekani Marc Nikkel, aliyefundisha katika Chuo cha Askofu Gwynne huko Mundri na kufa mwaka 2000, aliitazama misalaba hii kwa uangalifu kuliko mtu yeyote, na mwaka 1995 akaandika kwamba ndani yake imo theolojia nzima ambayo haijaandikwa mahali.

Uangalie msalaba huo kwa karibu. Aghalabu hauna mwili wa Kristo juu yake. Shina lake limelainishwa mahali pa kushikia, na kichwa chake kimetiwa nakshi ndogo za kisu, na mkono wa kuvuka si mrefu, ili usimguse mwenzio katika msafara. Mwanamume wa Kidinka hakutembea mikono mitupu. Alishika mkuki, au rungu, au fimbo, na katika ngoma aliiinua. Aliyepoteza ng'ombe, na aliyechoka na bunduki, akashika msalaba mahali pale pale penye kiganja, akauinua kwa mwendo ule ule, akaikanyaga ardhi kwa kishindo kile kile, na neno alilolitamka likaitikiwa kama yalivyoitikiwa maneno ya mwenye mkuki. Wahubiri wenyewe hawakutaka kusikia kwamba jambo hili lina asili ya kale: huko Pakeo, chini ya uongozi wa Paul Kon Ajith, lilijengwa kanisa kubwa la miti na nyasi lenye umbo la msalaba, na vyombo vya mizimu vikaletwa vikateketezwa, mikuki mitakatifu ikiwa miongoni mwake. Hasara ile haipimiki, na mtu wa historia akiisoma hujikunja. Lakini waliovichoma hawakuwa wageni, nao walivichoma kwa sababu waliamini bado vinafanya kazi, asiyeamini angaliviuza.

Juba ya leo ina taswira za namna ya pili, zile za kutazamwa, na hizi zimeongezeka upesi. Ipo sanamu ya John Garang penye kaburi lake, iliyofunuliwa siku ya uhuru, na uwanjani hapo ndipo Papa Fransisko aliposoma misa tarehe 5 Februari 2023. Zipo picha za Mtakatifu Josephine Bakhita, binti wa Darfur aliyeuzwa utumwani na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000, ambaye jina lake limepewa redio ya Kikatoliki ya mji, na ambaye uso wake, kwa kuwa ulipigwa picha akiwa hai, umekuwa uso wa kwanza mweusi wa mtakatifu kutundikwa katika nyumba nyingi za Kator na Gudele. Zipo kuta zilizochorwa na wasanii wa Ana Taban, waliojiunga pamoja mwaka 2016 wakisema kwamba wamechoka na vita. Katika hizo zote nazipenda zaidi picha za Bakhita, ijapokuwa ni karatasi za kupigwa chapa zisizo na ufundi, kwa sababu wenye nazo huzigusa. Pembe ya chini ya karatasi, mahali vidole vinapofika, huwa imefifia rangi. Sanamu ya uwanjani haiguswi na mtu, na askari wapo.

Linabaki shauri la jumba la makumbusho la taifa, ambalo limezungumzwa tangu uhuru, na ambalo litakapojengwa litadai, kwa haki kabisa, vijisanamu vya Wabari, nguzo za Wabongo, na vile vitu zaidi ya elfu moja vya nchi hii vilivyoko Oxford peke yake. Vidaiwe. Ila mwenye kulichora jumba hilo asilichore kwa mfano wa Oxford. Liwe na uwanja wa udongo wa kufungia ng'ombe na kuchinjia, na mlango wa nyuma mpana wa kutolea vitu: dang itoke siku ya haja yake na kurudi, mawe ya mvua wapewe wenye mvua msimu ukichelewa, na nguzo ambayo aila yake inajulikana ipelekwe Tonj ikasimamishwe juani na kuachiwa mchwa, picha yake ikibaki ukutani. Wahifadhi waliosomea Ulaya watalalamika kwamba mafuta ya ufuta huingia ndani ya jiwe yakaliharibu na kuvuta wadudu ghalani, na kwamba kitu kilichotoka hakina dhamana ya kurudi. Na katika yote mawili watakuwa wamesema kweli.